Uzi: Ulanguzi wa bei wakati wa dharura, adhabu zinavyohesabiwa na kesi zinapoangukia

#1 Mizani
Wakuu, kila likitokea janga swali ni lilelile: bei ikiruka usiku mmoja, muuzaji anafungwa au anapigwa faini tu? Jibu linategemea sheria ya mahali, ila sheria zenyewe ziko za aina chache. Naanza na Marekani, ambako hakuna sheria moja ya taifa inayokataza ulanguzi wa bei. Kila jimbo lina lake. Wenye kujua kwingine mtaongezea.

Aina ya kwanza inaweka namba. California, kifungu cha 396 cha Kanuni ya Adhabu: dharura ikishatangazwa, ni marufuku kuuza, au hata kutangaza kuuza, kwa bei inayozidi ya awali kwa zaidi ya asilimia 10. Inagusa chakula, dawa, mafuta, vifaa vya ujenzi, vifaa vya dharura, hoteli, nyumba za kupanga, usafirishaji na hifadhi ya mizigo. Marufuku hudumu siku 30. Kwa kazi za ukarabati na ujenzi mpya ni siku 180, na muda unaweza kuongezwa. Ni kosa la jinai: kifungo hadi mwaka 1 katika jela ya kaunti, faini hadi dola 10,000, au vyote viwili. Mbali na hapo kuna madai: hadi dola 2,500 kwa kila kosa, pamoja na kurudisha fedha za wateja.

New Jersey nayo ni asilimia 10, wakati wa dharura na siku 30 baada yake. Faini hufika dola 10,000 kwa kosa la kwanza na 20,000 kwa yanayofuata.

Aina ya pili inatumia maneno. Florida inakataza "tofauti kubwa mno" kati ya bei mpya na wastani wa bei za siku 30 kabla ya tangazo. Texas inasema bei ya kupindukia. New York inasema bei isiyovumilika kwa dhamiri. Hapo hakuna asilimia. Jaji ndiye anayepima.

Aina ya tatu inatazama faida ya muuzaji badala ya bei. Afrika Kusini ilitumia hiyo mwaka 2020.

#2 Mdau wa Rejareja
Mkuu Mizani, sasa muuzaji wa jumla akinipandishia, mimi nifanyeje? Niuze kwa hasara ili nisivunje sheria?

#3 Bi Ankara
Hapana kaka, sheria hizi hazikutaki uuze kwa hasara. Sheria inakutaka uthibitishe gharama. Tuchukue hesabu ya mfano kwa kanuni ya California.

Jenereta ulikuwa unainunua dola 400 na kuiuza 500. Faida yako ya kawaida ni asilimia 25 juu ya mtaji. Dharura inatangazwa. Kama gharama yako haijabadilika, mwisho wako ni 550. Ukiweka 551 umeshavuka.

Sasa msambazaji anapandisha hadi 480. Sheria inakuruhusu uchukue gharama mpya, uongeze faida uliyozoea, kisha usizidi asilimia 10 juu ya jumla hiyo. 480 na asilimia 25 ni 600. 600 na asilimia 10 ni 660. Ndiyo dari yako.

Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako, na hapa ndipo wengi huanguka. Wana jenereta 30 stoo zilizonunuliwa kwa 400, wanapokea ankara mpya ya jenereta 5 kwa 480, halafu wanauza zote 35 kwa 660. Zile 30 hazina gharama mpya. Mpelelezi akipanga ankara kwa tarehe na risiti za mauzo kwa tarehe, anaona siku hiyohiyo kwamba jenereta 30 zimepita 550.

Jambo lingine watu hawalijui: kama bidhaa ilikuwa kwenye ofa siku ya tangazo, unahesabu kutoka bei yake ya kawaida, siyo bei ya ofa. Na kwa mtu ambaye hakuwa akiuza bidhaa hiyo kabisa kabla ya dharura, kipimo ni asilimia 50 juu ya gharama yake. Kifungu hicho kinawashika wanaojaza gari bidhaa dukani na kwenda kuziuza kando ya barabara.

#4 Kumbukumbu
Nyongeza kuhusu "kila kosa", maana hapo ndipo faini hukua. New Jersey inasema waziwazi kwamba kila mauzo ni kosa linalojitegemea. Ukiuza mara 40 kwa bei iliyovuka, ni makosa 40, hata kama bidhaa ni moja na bei ni moja.

Florida ni dola 1,000 kwa kila kosa, lakini kuna dari: haizidi 25,000 kwa makosa ya ndani ya saa 24. Anayeuza bidhaa hizo bila leseni ya biashara anapata kosa la jinai la ziada, kifungo hadi siku 60 na faini hadi dola 500.

Texas ni hadi dola 10,000 kwa kila kosa, na aliyeumizwa akiwa na miaka 65 au zaidi inaweza kuongezwa hadi 250,000.

New York ilibadilisha sheria yake mwaka 2020: dola 25,000 kwa kila kosa, au mara tatu ya mapato yote ya bidhaa hiyo, kipi ni kikubwa. Kwa maoni yangu hii ndiyo adhabu iliyofikiriwa vizuri kuliko zote nilizozitaja. Faini ya kiwango kimoja, mwenye mzigo mkubwa anaihesabu kama gharama ya biashara na kuendelea. Ukimchukulia mara tatu ya kila alichopokea, hesabu yake haifungi.

#5 Mdau wa Rejareja
Kwa majimbo yasiyo na asilimia, mtu atajuaje amevuka? Si uonevu huo?

#6 Hukumu_Zilizopita
Swali lako lilifika Mahakama Kuu ya Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza palikuwa na sheria ya taifa, Lever Act ya mwaka 1917, iliyokataza kutoza bei "isiyo ya haki au isiyofaa" kwa bidhaa za lazima. Kampuni ya L. Cohen Grocery ya St. Louis ilishtakiwa kwa sukari: takriban ratili 50 kwa dola 10.07, na gunia la ratili 100 kwa dola 19.50. Mwaka 1921 mahakama ikafuta kifungu hicho kwa sababu maneno yalikuwa mapana mno; hakikumwambia muuzaji ni kitendo gani hasa kimekatazwa.

Ndiyo maana sheria za majimbo zinazotumia maneno hujifunga kwenye kitu kinachoonekana: bei ya kabla, kipindi maalumu, orodha ya bidhaa, na nafasi ya muuzaji kuonyesha gharama zake. Zikikosa nguzo hizo, wakili wa upande wa pili ataanzia kwenye hukumu ya 1921.

Kesi ya pili ya kuisoma ni ya New York, ambako sheria ya namna hii ilitangulia majimbo mengine, mwaka 1979. Septemba 1985 kimbunga Gloria kilikata umeme, na duka moja likauza jenereta takriban 100 kwa nyongeza za kati ya asilimia 4 na 67. Utetezi ulikuwa kwamba asilimia 4 au 10 ni ndogo mno kuitwa ulanguzi. Mwaka 1988, katika kesi ya People v. Two Wheel Corp., Mahakama ya Rufani ya jimbo ilikataa. Ilisema ukubwa wa nyongeza peke yake sio kipimo. Unaangalia pia kama muuzaji alitumia shida ya mnunuzi kumbana, na kama nyongeza ina gharama nyuma yake.

Kwa hiyo nakujibu hivi: kwenye jimbo la maneno, usitafute asilimia salama. Nyongeza isiyo na ankara nyuma yake ni hatari hata ikiwa ndogo.

#7 Chumba na Sebule
Mmesahau nyumba jamani, na ndiko watu wanakoumia zaidi. Soko la jenereta hutulia baada ya muda, lakini familia iliyounguliwa inahitaji paa kwa mwaka mzima.

Moto wa Los Angeles wa Januari 2025 ndio mfano wa karibuni. Dharura ilitangazwa tarehe 7. Ndani ya wiki chache ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa California ilituma mamia ya barua za onyo kwa wenye nyumba na hoteli, na mawakala kadhaa wa nyumba wakafunguliwa mashtaka ya jinai.

Kanuni inakwenda hivi. Nyumba ikiwa ilipangishwa ndani ya mwaka mmoja kabla ya tangazo, unachukua kodi halisi iliyolipwa na kuongeza isiyozidi asilimia 10. Ikiwa haikupangishwa wala kutangazwa kupangishwa ndani ya mwaka huo, dari ni asilimia 160 ya kodi ya soko inayowekwa na wizara ya nyumba ya taifa, HUD, kwa eneo na idadi ya vyumba. Ukiweka samani unaruhusiwa asilimia 5 zaidi. Kwa mfano, HUD ikisema 2,500, dari ni 4,000. Yenye samani ni 4,200.

Makosa yanayowaponza wenye nyumba:

Wanaweka tangazo mtandaoni kwa bei iliyovuka, halafu wanaishusha baada ya siku mbili. Tangazo peke yake ni kosa, na historia ya bei hubaki kwenye tovuti ya matangazo.

Wanaacha wapangaji washindane kupandisha dau. "Yeye mwenyewe ndiye aliyeniahidi zaidi" sio utetezi. Dari ni ya mwenye nyumba, na mpangaji hawezi kuifuta kwa hiari yake.

Wanamtoa mpangaji wa zamani ili waingize mpya kwa kodi kubwa. Kifungu kinataja jambo hilo na kulikataza.

#8 Kumbukumbu
Nikazie hilo la pili la Chumba na Sebule kwa sababu linajitokeza hata dukani. Kukubali kwa mnunuzi hakumwokoi muuzaji. Kama kukubali kungetosha, sheria yote ingekuwa bure, maana mwenye mtoto mgonjwa atakubali bei yoyote.

#9 Mizani
Kuhusu serikali kuu ya Marekani, kuna mlango mmoja mwembamba: sheria ya uzalishaji wa ulinzi ya mwaka 1950, Defense Production Act. Inakataza kuhodhi bidhaa zilizotajwa na Rais au aliyemkabidhi, yaani kulimbikiza kupita mahitaji ya kawaida ya biashara au nyumbani, au kulimbikiza kwa nia ya kuuza juu ya bei ya soko. Amri ya kuitumia ilisainiwa tarehe 23 Machi 2020, na tarehe 25 wizara ya afya ikatoa orodha: barakoa za N95, mashine za kupumulia, glavu, magauni ya hospitali na vinginevyo. Adhabu ni faini hadi dola 10,000, kifungo hadi mwaka 1, au vyote.

Angalieni tofauti: bila bidhaa kuwa kwenye orodha, hakuna kosa la taifa. Mtu akihodhi kitu kisichotajwa, unarudi kwenye sheria ya jimbo. Malalamiko mengi hukwama hapa kwa kupelekwa pasipohusika.

#10 Ushindani
Naomba nieleze ya Afrika Kusini, kwa kuwa inafundisha kitu ambacho sheria za Marekani haziwezi.

Kanuni za ulinzi wa walaji zilitangazwa tarehe 19 Machi 2020. Hazikuweka asilimia. Zilisema nyongeza ya bei si ya haki kama imepita ongezeko la gharama, au kama imekuza faida halisi kupita wastani wa miezi 3 kabla ya tarehe 1 Machi 2020. Adhabu: faini hadi randi milioni 1, au hadi asilimia 10 ya mauzo ya mwaka, na kifungo hadi miezi 12.

Sasa kesi yenyewe. Kampuni ya Babelegi iliuza barakoa za vumbi. Kipindi cha malalamiko kilikuwa tarehe 31 Januari hadi 5 Machi 2020, kabla ya janga la taifa kutangazwa na kabla ya kanuni hizo kuwepo. Mwendesha kesi hakuwa na tangazo la kuegemea. Akaenda kwenye sheria ya kawaida ya ushindani, kifungu cha 8(1)(a), kinachokataza kampuni yenye nguvu sokoni kutoza bei iliyopita kiasi.

Utetezi ulikuwa wa aina mbili. Kwanza, sisi ni wadogo, nguvu ya sokoni tutaipata wapi? Baraza la Ushindani likajibu kwamba dharura yenyewe ndiyo inayompa nguvu hiyo hata aliye mdogo, kwani mnunuzi hana pa kukimbilia. Pili, tulijua kununua mzigo mpya kutakuwa ghali. Baraza likakataa: gharama unayoitarajia sio gharama uliyoilipa.

Hukumu ilitoka Juni 2020, faini randi 76,040. Kwenye rufaa, kosa lilithibitishwa lakini faini ikafutwa. Wengine waliona ni kushindwa. Mimi naona kinyume, kwa kuwa tafsiri ya kosa ilibaki imesimama. Julai mwaka huohuo kampuni kubwa ya maduka ya dawa, Dis-Chem, ilipigwa randi milioni 1.2 kwa barakoa.

Kwa nchi isiyo na sheria ya ulanguzi wa dharura, hii ndiyo njia ya kuitazama: je, sheria ya ushindani iliyopo inakataza bei iliyopita kiasi? Kama inakataza, kesi inaweza kusimama bila kungoja tangazo.

#11 Hukumu_Zilizopita
Ufaransa walipita kwingine kabisa: amri ya tarehe 5 Machi 2020 iliweka bei ya juu ya jeli ya kutakasa mikono, mililita 100 kwa euro 3, na ikaweka dari kwa bei ya jumla pia. Hiyo ya jumla ndiyo iliyoifanya ifanye kazi. Ukifunga rejareja pekee, mwenye duka anabanwa katikati na rafu inabaki tupu.

#12 Mteja Makini
Naomba msaada wa vitendo. Mnunuzi akusanye nini ili lalamiko lisitupwe?

#13 Bi Ankara
Dada, mpelelezi anahitaji vitu viwili tu ambavyo kwa kawaida hanavyo: bei ya kabla na bei ya baada, za kitu kilekile, mahali palepale. Mengine atayapata mwenyewe.

Bei ya baada: risiti, na picha ya lebo ya rafu ikionekana pamoja na bidhaa. Piga picha tatu. Ya mbali ionyeshe rafu, ya karibu ionyeshe bei na kipimo, ya tatu iwe ya bakodi nyuma ya kifurushi. Bakodi ndiyo inayomaliza ubishi wa "hiyo ni aina nyingine". Kwa mtandaoni, skrinishoti ionyeshe anwani ya ukurasa, jina la muuzaji, ada zote hadi hatua ya mwisho ya malipo, na saa. Wapo wanaoacha bei ya bidhaa ilivyo na kupandisha ada ya kufikisha. Ukipiga ukurasa wa kwanza tu, ushahidi wako unamtetea yeye.

Bei ya kabla: risiti ya zamani, barua pepe ya oda iliyopita, kijarida cha bei, historia ya oda kwenye akaunti yako. Usilinganishe na duka jingine isipokuwa huna cha duka hilo.

Yanayoangusha malalamiko: kulinganisha gramu 500 na gramu 250, kuchukua bei ya ofa kama bei ya kawaida, skrinishoti isiyo na tarehe, ununuzi uliofanyika siku mbili kabla ya tangazo au baada ya muda kuisha, eneo lisilotajwa kwenye tangazo. Soma tangazo lenyewe, kaunti kwa kaunti, kabla ya kuandika.

Andika lalamiko fupi: tarehe, saa, mahali, bidhaa na kipimo, bei mbili, viambatisho. Hasira yako ni halali, lakini kwenye fomu weka namba.

#14 Mdau wa Rejareja
Na sisi wauzaji wenye nia njema?

#15 Bi Ankara
Usiku wa tangazo chapisha orodha yote ya bei kutoka kwenye mfumo, iwe na tarehe, uihifadhi nje ya mfumo. Programu ikibadilisha bei yenyewe kwa kufuata mahitaji, izime. "Mashine ndiyo iliyopandisha" sio utetezi wa kutegemea. Kila shehena mpya ipe namba yake na ankara yake, na uza ya zamani kwanza kwa bei ya zamani. Gharama za usafiri zilizopanda ziandike kwa shehena, usizitandaze kwenye duka zima. Ukiona mzigo unakwisha, weka kikomo cha idadi kwa kila mteja. Kugawia watu kwa idadi ni halali, na kunasaidia wengi kuliko kupandisha bei.

#16 Soko Huru
Nina hoja kinyume. Bei ikifungwa, nani atasafirisha jenereta usiku kucha kuzileta eneo la janga?

#17 Ushindani
Hoja ya kweli mkuu, na sheria nzuri imeshaijibu. Usafiri wa usiku, mafuta ya ziada, posho ya dereva: vyote ni gharama, vinaingia kwenye bei ukiwa na karatasi. Florida inasamehe hata ongezeko linalotokana na mwenendo wa soko la mkoa, taifa au dunia. Kinachokatazwa ni kuongeza bei ya mzigo uliokuwa stoo tangu jana. Mzigo huo hauletwi na bei kubwa, umeshafika.

Nakubaliana nawe kwenye jambo moja: asilimia 10 ngumu, isiyo na mlango wa gharama, huleta rafu tupu. Mbunge anayeandika sheria bila mlango huo anamwadhibu mwenye duka kwa kosa la msambazaji.

#18 Mteja Makini
La mwisho: mimi niliyelipa zaidi, fedha yangu nairudishaje? Faini si inakwenda serikalini?

#19 Kumbukumbu
Faini ndiyo, inakwenda serikalini. Ila kurudishiwa ni amri tofauti, na mwendesha kesi huiomba pamoja na faini. Kwa hiyo jina lako na risiti yako viwe kwenye faili kabla shauri halijafungwa. California unaweza pia kudai marejesho mwenyewe chini ya sheria ya ushindani usio wa haki. Texas mlaji ana shauri lake binafsi, na ikithibitika muuzaji alijua anachofanya, mahakama inaweza kukupa hadi mara tatu ya hasara yako ya fedha. Lakini Texas ina sharti: umpe muuzaji notisi ya maandishi angalau siku 60 kabla ya kufungua shauri, ukitaja lalamiko lenyewe na kiasi unachodai. Itume kwa njia inayoacha kumbukumbu ya kupokelewa, na nakala ubaki nayo.